Ujamaa Bila Dola: Gamba la Nyoka Likisomwa Majengo

Kimofolojia, neno ujamaa halina dola ndani yake. Limenyambuliwa kutokana na jamaa, na jamaa hawachaguliwi kwa kura wala hawaamrishwi na waziri. Hata hivyo, uhakiki wa Gamba la Nyoka (1979), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, aghalabu huuliza kama serikali ya Tanzania iliutekeleza ujamaa vizuri au vibaya. Swali linalotangulia hilo, yaani kama ujamaa ni jambo la kutekelezwa na serikali, huachwa kando.

Swali lenyewe ni kongwe. Mwaka 1872, huko The Hague, Bakunin alifukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi baada ya mvutano mrefu na Marx. Yeye na waanakisti wenzake, wajamaa wasioitaka dola, walishikilia kwamba wanyonge wakiitwaa dola, dola hiyo itazaa mabwana wapya, na kwamba bunge ni mtego.

Kezilahabi anawachora wanavijiji wanaopinga kuhamishwa, na anaonyesha kwa ukali jinsi nguvu inavyoligeuza neno zuri kuwa tishio. Hapo anakaribiana na Bakunin. Lakini kukataa kwa wanavijiji kunabaki kukataa tu. Hawapewi ujamaa wa kwao. Msomaji angeweza kudhani haukuwapo. Kumbe ulikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Litowa mkoani Ruvuma, wakulima walianzisha kijiji kwa hiari yao, wakalima pamoja, wakaamua mambo yao mikutanoni na kuendesha shule yao. Vijiji vingine vikajiunga nao katika chama kimoja cha maendeleo, ambacho Nyerere mwenyewe alikiunga mkono. Septemba 1969 TANU ilikipiga marufuku. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri.

Kwa msomaji wa Majengo, mtaa wa Goma, habari hii ina ladha nyingine. Katika Kiswahili cha Kongo dola huitwa pia Leta, kutokana na Kifaransa. Na anayedaiwa kodi kila kizuizi cha barabarani haoni ajabu kwamba neno hilo ni kitenzi cha kuamuru vilevile. Mtaani kuna likelemba: kila mmoja hutoa fedha, na wote humpa mmoja kwa zamu, bila karani wala hakimu. Kropotkin, aliyechapisha kitabu chake juu ya kusaidiana mwaka 1902, angefurahi kuiona.

Hata hivyo, ni papa hapa hoja ya waanakisti inapolegea. Likelemba humpatia mama mtaji wa gunia la makaa. Haichimbi mtaro wa bomba la maji. Vijana wa LUCHA, walioanza harakati zao Goma mwaka 2012, hawakutaka kuwa na rais, jambo ambalo Bakunin angelisifu. Lakini dai lao la awali lilikuwa maji na ajira, nao walilielekeza kwa serikali. Aidha, dola ilipodhoofika Kivu hawakuingia jamaa bali wenye bunduki, na Januari 2025 mji wenyewe ulitwaliwa na M23.

Wakulima wa Litowa walikuwa na ardhi. Walichonyimwa ni ruhusa. Wakazi wa Majengo hawamwombi mtu ruhusa ya kucheza likelemba, lakini asubuhi mtoto bado anatumwa ziwani na kidumu cha manjano.