Maji Yajaayo na Kupwa: Karatasi Moja ya Maelezo kwa Mgonjwa

Jirani yangu wa Vingunguti, mama mtu mzima auzaye supu karibu na machinjio, alinijia jioni moja na karatasi ya kurasa mbili. Mjukuu wake ameandikiwa kipimo cha mgongo kwa mashine ya MRI, baada ya kuonekana kwamba huungua vidole pasipo kuhisi moto. Karatasi ni ya Kiswahili, mfasiri hakutajwa. "Mwanangu," akaniuliza, "uti wa mgongo si ndiyo ile homa iuayo watoto? Na hapa wanaposema kuvamia, nani anavamiwa?" Alikwisha azimia kutompeleka.

Nimeisoma karatasi hiyo kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni istilahi, na sina budi kukiri kwamba mama yule aliisoma sawasawa. Kosa ni la maandishi.

"Uti wa mgongo" limebebeshwa mizigo mitatu: safu ya pingili za mifupa, neva laini ipitayo ndani ya safu hiyo, na, katika vinywa vya wengi, homa, ambayo hasa ni uvimbe wa tando zifunikazo ubongo na neva hiyo. Mfasiri amelitumia kwa maana mbili za kwanza katika aya moja, akamwachia msomaji aiongeze ya tatu mwenyewe. Ingefaa kuandika "pingili za mgongo" kwa mifupa, na "ugwe wa mgongo" kwa neva. Wako watakaoliona "ugwe" geni, lakini ni neno letu la siku nyingi, maana yake kamba nyembamba, na kitu chenyewe kina umbo hilo.

"Upimaji usiovamia" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kuvamia ni kazi ya jambazi au ya jeshi la adui. Bibi anataka kujua kama mtoto atachomwa. Zamani, ili kuona njia ya maji ya mgongo, ilibidi kuchoma sindano mgongoni na kutia dawa ionekanayo katika eksirei. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na kwa kupima mwendo wa maji hayo peke yake hata dawa ya mshipani haihitajiki. Basi na iandikwe: "upimaji bila kuchoma wala kupasua."

Neno lililonisumbua zaidi ni "mtiririko", kwa sababu linaonekana halina kosa. Kutiririka ni kushika upande mmoja, kama Mto Msimbazi upitavyo kando ya Vingunguti ukielekea baharini. Ugiligili wa ubongo na mgongo hauendi hivyo. Kila moyo unapopiga, damu huingia kichwani, nafasi ikapungua, na ugiligili ukasukumwa kushuka mgongoni. Kisha hurudi juu. Ni kweli kwamba mwili wa mtu mzima, wenye ugiligili wa mililita 150 hivi, hutengeneza kama mililita 500 kila siku na kufyonza kiasi hicho hicho. Lakini mashine, ikifuatana na mapigo ya moyo, hupiga picha ya kule kwenda na kurudi. Mtu wa pwani anayo maneno ya jambo hilo tangu utoto wake: kujaa na kupwa. Katika ripoti ya daktari "mwendo" latosha. Katika karatasi ya mgonjwa ningetumia kujaa na kupwa bila haya.

Hapa ndipo palipo na kosa la hatari. Karatasi yasema: "sehemu nyeusi ni mahali mtiririko ulipoziba." Sivyo. Katika picha hizi weupe ni mwendo wa upande mmoja, weusi ni mwendo wa upande wa pili, na kijivu ndicho utulivu. Bibi angeona weusi akalia, na penye kijivu akashukuru. Daktari, kwa upande wake, anachunguza kama sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeshuka katika tundu la fuvu, hali aliyoieleza Hans Chiari mwaka 1891. Hapo maji hubanwa, na uwazi wenye maji waweza kufanyika ndani ya ugwe. Mikono ikapoteza hisia za joto na maumivu.

Kuhusu "kichwa maji" sitasema mengi. Ni tusi, na mfasiri angelisikia mtaani kabla ya kuliandika. Wazazi husema "kichwa kikubwa", nalo lafaa kwa mtoto mchanga. Kwa mtu mzima halifai, maana fuvu lake limekwisha fungamana na halipanuki.

Niliiandika upya karatasi kwa mkono, nikamsomea. Alikubali yote isipokuwa "ugiligili". "Haya si maji tu, mwanangu?" Katika ripoti za kitaalamu nitaendelea kulitetea neno hilo, kwa kuwa maji hayo yana chumvi, sukari na protini, katika karatasi yake nimelikata, nikaandika "maji ya ubongo na mgongo". Mjukuu alipelekwa siku iliyopangwa.