Asilimia Mia ya Nini?

Kwa miaka mingi chuoni niliwasisitizia walimu wanafunzi jambo moja: asilimia isiyotaja ni ya nini haijasema kitu. Wastani wa darasa ukiwa 50, yawezekana kila mtoto amepata 50. Yawezekana pia nusu yao wamepata 100 na nusu wamepata sifuri. Kwa kipimo hicho napenda kuzipima programu mbili zinazotueleza prosesa za kompyuta zimeshughulika kiasi gani.

Ya kwanza ni Task Manager, iliyokuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Hii hujumlisha prosesa zote na kuziita 100. Katika kompyuta yenye prosesa 8, programu inayoimaliza prosesa moja nzima huandikiwa 12 na kitu. Ya pili ni top ya Linux. Isipoamriwa vinginevyo, yenyewe huhesabu kila prosesa kuwa 100. Hivyo programu ile ile huandikiwa 100, na inayomaliza prosesa nne huandikiwa 400.

Wapo wanaoicheka hiyo 400. Mimi naiona ina faida: inashangaza, na mwenye kushangaa huuliza. Ile 12 humtuliza mtu mahali asipopaswa kutulia.

Chukua mfano wa mkuu wa chuo ambaye programu yake ya matokeo ya mitihani inakesha usiku kucha. Anatazama, anaona 12. Kumbe programu haijui kugawa kazi. Prosesa moja imeelemewa, saba zimekaa bure. Akinunua kompyuta ya prosesa 16 zenye kasi ile ile, programu itakesha vile vile, ila namba itashuka hadi 6. Fedha ya chuo imekwenda, na kioo kinasema mambo ni mepesi!

Hata top haikosi lawama. Juu ya ukurasa huandika wastani usiozidi 100, na chini yake huorodhesha programu za 400, bila neno la maelezo. Ni kweli kwamba ukibonyeza 1 huonyesha kila prosesa peke yake, na Task Manager nayo ina michoro ya namna hiyo. Lakini huko ni kuweka wastani sebuleni na kuuficha ukweli uani.

Dawa yake ni ndogo. Badala ya 12 au 100, na iandikwe: prosesa 1 kati ya 8. Hata mtoto wa darasa la nne angeelewa.