Uwakili Bila Hesabu: Tahakiki ya Mahubiri Yetu juu ya Utoaji

Katika sharika zetu neno "uwakili" limepungukiwa na maana. Likitajwa mimbarani, washarika hushika mifuko, kwa kuwa wamekwisha kufahamu kwamba kitakachofuata ni ahadi, bahasha au mavuno. Makala haya hayapingi utoaji. Kanisa lililozoea misaada ya ng'ambo halina budi kujifunza kujitegemea. Hoja yetu ni kwamba mahubiri mengi ya uwakili humhubiria mtoaji peke yake, na mpokeaji hahubiriwi.

Tuanze na Maandiko. Katika Luka 16:1-2 uwakili umefungwa pamoja na hesabu. Wakili ni yule ashikaye mali ya mwingine, naye anaitwa kwa sababu ameshtakiwa kuitapanya. Haambiwi alete zaidi, bali aeleze juu ya yale aliyokwisha kukabidhiwa. Vivyo hivyo katika Mathayo 25:14-30. Talanta katika mfano huo si kipaji cha kuimba. Ni kipimo cha fedha kipatacho dinari 6,000, na kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, talanta moja yakaribia ujira wa miaka 20. Aliyekabidhiwa kiasi kikubwa namna hiyo ndiye anayeulizwa.

Andiko linaloumizwa zaidi na mahubiri yetu ni Marko 12:41-44, habari ya mjane maskini. Twaanzia aya ya 41, twamsifu mjane, kisha twapitisha sahani. Lakini katika aya ya 40 Yesu amewalaumu waandishi kwa kula nyumba za wajane. Hatusemi kwamba mjane hastahili sifa. Yesu mwenyewe alimpambanua na matajiri. Twasema kwamba mhubiri amsifuye mjane na kunyamaza juu ya walaji wa nyumba yake amesoma nusu ya andiko. Kwetu mjane huyo huleta mayai au mkungu wa ndizi, nao hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mapato hutangazwa Jumapili ifuatayo. Je, matumizi nayo hutangazwa?

Sisi Walutheri hatuna udhuru, kwa maana jambo hili lilishughulikiwa mapema katika Matengenezo. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Saksonia, uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa 10, wa kuchaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa mabwana wa nchi, wawili wa baraza la mji, watatu wa raia wa mjini, na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata pasiwepo awezaye kulifungua peke yake. Hesabu ilipaswa kutolewa mbele ya mkutano wa usharika. Ni kweli kwamba utaratibu huo ulikwama, kwa kuwa baraza la mji halikukubali kuachia mali iliyokuwa mkononi mwake. Hata kukwama huko kwatufundisha: kilichokosekana Leisnig hakikuwa ukarimu wa maskini.

Huenda mtu akasema kwamba kudai hesabu ni kukosa imani kwa watumishi wa Bwana. Mtume Paulo hakuona hivyo. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba mchango wa Yerusalemu unasindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama, na mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Mtume alijiwekea mashahidi, mchungaji na mtunza hazina watajidai nini?

Basi, wanafunzi wa theolojia mnaojiandaa kwa huduma, kabla ya kuhubiri uwakili Jumapili ya mavuno, someni kwanza mbele ya usharika hesabu ya mavuno yaliyopita. Hapo mjane atasikia mahubiri yaliyo kamili.