Columbia na Vuga: Maoni juu ya Mji wa Angani

Wako wenye elimu wasiokubali bado kwamba mchezo wa kompyuta waweza kuhukumiwa kama inavyohukumiwa hadithi. Sisi twaona waweza, maana una mahali, una watu, na una maneno yaliyotungwa. Basi na tuutazame mmoja, BioShock Infinite, uliotolewa mwaka 2013 na Irrational Games ya Marekani chini ya uongozi wa Ken Levine, na tuupime kwa kipimo cha kwetu.

Mahali pa mchezo huu ni Columbia, mji unaoelea angani mwaka 1912. Majumba yake hupita mawinguni mfano wa majahazi. Reli zaning'inia baina yake, na mchezaji hujiangika kwa ndoana akateleza. Uzuri wake haukanushiki. Mtawala wake, Comstock, hujiita nabii, naye ameutenga mji na nchi iliyouzaa. Weupe ndio wenye enzi. Weusi na maskini hutumika katika viwanda vya tajiri Fink. Mwisho wanyonge waasi, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Daisy Fitzroy.

Hapo ndipo utunzi unapotetereka. Fitzroy, akiisha kupata nguvu, ageuzwa ghafula kuwa katili wa kutisha mtoto, kisha auawa. Na mchezaji aachwa adhani kwamba mwonevu na mwonewa ni mamoja. Wahakiki wengi wameulaumu mchezo kwa jambo hili, nasi twaungana nao. Lakini twaona asili ya kosa ni mji wenyewe. Columbia haina chini. Hatuonyeshwi shamba linaloilisha, wala njia ambayo mtu aliyechoka angeishika akashuka. Kwa hiyo uasi wake hauachiwi neno ila kisasi.

Kipimo tulichokitaja ni Vuga, makao ya wafalme Wakilindi katika milima ya Usambara, kama ilivyoelezwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa Magila mwaka 1895 na kuchapwa tena Nairobi mwaka 1962. Vuga nayo ni mji wa mawinguni: aliye nyikani hutazama juu asione ila ukungu. Lakini kila ukurasa una njia ya kupanda na kushuka. Mbega, mwindaji atokaye Ngulu, hafiki juu kwa miujiza. Aua nguruwe waharibuo mashamba, agawa nyama, ndipo watu wamtaka awe mkubwa wao. Cheo chake chatoka kwa wakulima, na mfalme hudaiwa mvua. Wasambaa wana maneno mawili kwa jambo hili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru.

Tena kuanguka kwa Vuga kwatoka chini. Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, penye njia ya misafara, akipata bunduki na mali. Naye ndiye aliyewaleta Wataita, Vuga ikateketezwa. Wabondei nao waliwaondokea Wakilindi katika uasi uitwao Kiva. Msomaji akisoma habari za Kiva haambiwi kuwa pande zote ni sawa, wala haambiwi kuwa waasi ni malaika. Aelezwa walivyoonewa, na kwa hiyo aweza kuhukumu.

Huenda ikajibiwa kwamba Vuga ni kweli na Columbia ni ya kubuni, basi hazilinganiki. Hatulinganishi miji, twalinganisha utunzi; na habari za Mbega mwenyewe zi karibu na ngano. Mtunzi aweza kuurusha mji wake juu kadiri apendavyo, mradi atuambie nani anabeba uzito wake.

Twasema haya kwa ajili ya vijana wa kwetu watakaotaka kuitia Vuga katika mchezo wa namna hii. Watashawishika kuing'oa mlimani ili ipae, maana kupaa kwapendeza macho. Tungewasihi waiache pale ilipo, wampe mchezaji njia ya kushuka mpaka Mazinde na mpaka Bondei, akasikie huko watu wanasemaje juu ya mfalme aliye ukunguni.