Saa 60 za Gemu na Barua ya Kuachishwa Kazi

Assassin's Creed ya kwanza, ya 2007, unaimaliza kwa takriban saa 15. Valhalla ya 2020 inakula kama 60, na hapo bado hujagusa kazi za pembeni. Sasa jiulize, hizo saa za ziada zimejaa nini? Mara nyingi ni kupanda mnara uleule na kufungua sanduku lilelile. Huko ni kutia maji kwenye maziwa.

Na maji hayo yana bei. Tupige hesabu ya mfano: watu 300 wakifanya kazi miaka 5, hiyo ni miaka 1,500 ya mishahara, yote inalipwa kabla nakala moja haijauzwa. Gemu ikidoda, wa kwanza kuondoka ni walioitengeneza.

Ila tusikimbilie kusema "fupisheni gemu, ajira zitapona". Hi-Fi Rush ya 2023 inaisha kwa saa kama 10. Ilisifiwa, ikatwaa tuzo ya BAFTA. Lakini Mei 2024 Microsoft, miezi michache tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, ilitangaza kuifunga Tango Gameworks, studio iliyoitengeneza. Agosti, Krafton ya Korea Kusini ikaichukua.

Kwa hiyo urefu unapandisha dau tu. Anayecheza kamari ni mwenye mtaji, anayeliwa ni mfanyakazi. Gemu fupi itakuokolea wewe muda wako. Fundi aliyeiunda anahitaji mkataba unaomlinda.