Tochi ya shoti na uzio wa faru

Faru weusi wa hifadhi ya Mkomazi wanaishi ndani ya uzio wa umeme. Mradi wa kuwatunza ulisimamiwa kwa miaka mingi na Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyefika hapo mwaka 1989 akitokea Kora, Kenya, alikokuwa akifanya kazi na mhifadhi George Adamson. Faru wanne waliletwa kutoka Addo, Afrika Kusini, mwaka 1997, wengine wanne mwaka 2001, na baadaye wakafuata wa kutoka Ulaya. Nyaya za uzio wa aina hii kwa kawaida hubeba volti 5,000 hadi 9,000. Faru mwenye tani moja akigusa, anarudi nyuma.

Sasa chukua tochi ya shoti, ile nyeusi ya chuma inayouzwa mitaani kwa mlinzi wa usiku, bodaboda na mama anayefunga duka akiwa peke yake. Sanduku lake limeandikwa volti milioni, pengine milioni kadhaa. Tukiamini sanduku, kitu cha kutia mfukoni kimeuzidi uzio wa faru zaidi ya mara mia. Hakuna fundi atakayekubali hilo, na sababu anaiona kwa macho: zile pini mbili za mbele ya tochi.

Hewa kavu huvunjika na kupitisha cheche inapopata volti 3,000 hivi kwa kila milimita. Kwenye ncha zilizochongoka huvunjika mapema zaidi. Pini zikiwa zimeachana sentimita nne, hata kwa hesabu ya ukarimu kabisa cheche itaruka kabla volti hazijafika 120,000, na kiuhalisia ni chini ya hapo sana. Cheche ikisharuka, volti zinaporomoka. Kwa hiyo pengo kati ya pini ndilo linaloweka dari, na milioni inabaki kwenye karatasi ya sanduku.

Nimewahi kuona tochi moja ikifunguliwa mezani kwa fundi redio. Ndani kulikuwa na betri ndogo ya kuchaji, kibao cha saketi kisichozidi kidole gumba, na bonge jeusi lililomiminiwa gundi ngumu. Fundi alianza kwa kugusisha humo bisibisi yenye mpini wa plastiki, pakalia ta! Tochi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Kilicholia ni kapasita, na mtu asiyeijua kazi hiyo aache kabisa kufungua vifaa hivi, kwa sababu chaji haiondoki kwa kubonyeza swichi.

Kapasita ndiyo roho ya mtambo. Mtu wa Bangalala anayeijua ndiva ya Manoo, bwawa la kumwagilia mashamba, hahitaji maelezo marefu. Maji ya mfereji ni membamba mno kufika shambani yakiachwa yatiririke yenyewe, hivyo hukusanywa usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa na yanatoka kwa kishindo. Betri ya tochi ni huo mfereji. Haiwezi kutoa pigo kubwa kwa mara moja. Transista inaukatakata mkondo wake mara maelfu kwa sekunde ili uweze kupita kwenye transfoma ndogo, volti zinapanda, daiodi zinauelekeza upande mmoja, na kapasita inajaa. Ikijaa, inamwaga yote kwa mkupuo kwenye transfoma ya pili, ile iliyozikwa ndani ya gundi, na hiyo ndiyo inayozaa makumi ya maelfu ya volti za kurusha cheche. Kisha inajaa upya. Mlio wa tratratra tunaousikia ni kujaa na kumwagika huko.

Mtambo wa uzio umeundwa kwa mantiki ileile. Uzio wa umeme ulipata umaarufu New Zealand kuanzia miaka ya 1930, kwa wafugaji, na kapasita ilipoingia kazini miaka ya 1960 ukaweza kufika mbali hata majani yakigusa waya. Viwango vya kimataifa leo vinaruhusu pigo moja tu kwa sekunde, lisilozidi jouli tano kwenye mzigo wa omu 500. Jouli tano kwa pigo ni nyingi. Pigo la tochi halifikii hata jouli moja. Kwa nguvu ya pigo mojamoja, basi, uzio unashinda kwa mbali, ingawa volti zake ni chache.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye njia ya kurudi. Umeme hauendi mahali usikoweza kutoka. Mnyama akigusa waya wa uzio kwa pua, mkondo unapita mwilini mwake, unashuka kwenye miguu, unaingia ardhini na kurudi kwenye mtambo kupitia vyuma vya ethi vilivyochimbiwa. Mwili mzima unakuwa sehemu ya saketi. Ndiyo maana anasikia.

Lakini hapa tupo Same. Milima ya Pare, yenye kilele cha Shengena cha mita 2,462, hupokea mvua za kutoka baharini kwenye miteremko yake, na nyika iliyo kivulini mwake inabaki na vumbi. Mkomazi nayo imekaa kwenye kivuli hicho cha mvua, cha Pare na Usambara. Udongo mkavu ni kipitishio kibovu. Kiangazi kikikomaa, mnyama anaweza kusimama kwenye vumbi, akagusa waya wenye volti 7,000, na asipate kitu cha maana, maana ardhi iliyo chini ya kwato imegoma kurudisha mkondo. Dawa inayotumika kwenye nchi kavu ni kuacha kuitegemea ardhi: waya mmoja unabeba umeme, unaofuata unaunganishwa na ethi, hivyo kwa kupokezana hadi juu. Anayejipenyeza anagusa nyaya mbili kwa pamoja na saketi inafungika mwilini mwake. Kwa tembo kuna shida ya ziada, kwani pembe zake hazipitishi umeme vizuri, na tembo mjanja huzitumia kukata waya bila kuumia.

Tochi ya shoti imelikwepa tatizo la ardhi kwa kubeba ncha zote mbili yenyewe. Haijali kama umesimama kwenye lami, kwenye tope la Mamba Miamba au kwenye vumbi la Makanya, wala kama adui amevaa raba. Mkondo unatoka pini moja unarudi kwa nyingine. Kama usanifu, hilo ni jibu safi. Bei yake ni kwamba ncha hizo zimekaribiana mno.

Umeme hupendelea njia fupi. Pini zikiwa sentimita nne mbali, sehemu kubwa ya mkondo inapita kwenye ngozi na misuli ya juujuu, kama anayekatiza uchochoroni asipite mjini. Mtu anapata maumivu makali, anaruka, anatukana, pengine anakimbia. Hadondoki. Filamu zinazoonyesha jambazi akiguswa shingoni na kuzimia papo hapo zinauza uongo uleule wa sanduku.

Aliyelitatua hili ni Mmarekani Jack Cover, aliyetengeneza Taser katika miaka ya 1970. Yeye alizitenganisha ncha. Kifaa chake kinarusha vishale viwili vyenye nyaya nyembamba, na vishale hivyo vinaachana kadiri vinavyokwenda. Kwenye modeli zilizoenea kwa polisi, vikifika mita mbili na kidogo vinakuwa vimeachana sentimita 30 hivi. Kimoja kikinasa kifuani na kingine pajani, kilicho kati yake ni misuli mikubwa ya mwili, na yote inakazana kwa pamoja. Mtu anaanguka kama gogo hata kama ni mlevi asiyesikia maumivu. Cover alitumia baruti kurushia vishale, jambo lililofanya sheria ya Marekani ikiweke kifaa chake kwenye kundi la bunduki. Miaka ya 1990 ndugu wawili, Rick na Tom Smith, wakabadilisha na kuweka gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa.

Modeli yao ya X26 inafaa kutazamwa kwa namba. Cheche yake hufika volti 50,000 hewani, lakini ikishagusa mwili zinazobaki ni 1,200 hivi. Mkondo wa kila pigo unakaribia ampia tatu kileleni. Ampia tatu zingeua, kama zingedumu. Zinadumu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, mara 19 kwa sekunde, na wastani wake unashuka hadi miliampia mbili. Linganisha na soketi ya nyumbani: volti 230 tu, lakini mkondo haukatiki, na miliampia 100 zikipita kifuani kwa sekunde moja zinaweza kuuvuruga moyo. Hii haina maana kwamba Taser ni mchezo. Watu wamekufa baada ya kupigwa nayo, hasa kwa kurudiwa-rudiwa au kuanguka vibaya.

Mapigo 19 kwa sekunde nayo yana shabaha. Msuli ukipigwa mara moja hushtuka na kulegea. Ukipigwa haraka hivyo haupati nafasi ya kulegea. Uzio unapiga mara moja kwa sekunde kwa sababu iliyo kinyume kabisa, ili mnyama apate muda wa kujinasua na kuondoka. Mbuni wa uzio anataka uende zako, mbuni wa Taser anataka ubaki hapohapo. Tochi ya mtaani inapiga haraka kama Taser lakini haishiki, hivyo kazi yake ya kweli ni ya kufukuza, na mlio wake pamoja na mwanga wa buluu vinafanya nusu ya kazi kabla ya kumgusa mtu.

Nguo ni kikwazo kingine, na huku milimani si kidogo. Usiku wa Chome au Suji mtu hatoki bila koti zito. Cheche inaweza kupenya kitambaa chepesi, lakini koti lililokunjamana juu ya sweta linaziweka pini mbali na ngozi, na umeme ukiona njia ya kwenda mwilini ni ndefu kuliko pengo kati ya pini zenyewe, unaruka hapohapo hewani. Tochi nyingi zina jozi ya pini za ndani, zilizokaribiana zaidi, na watu hudhani ni za mapambo au za kutesti chaji. Kumbe ni vali ya usalama: kifaa kikiwashwa bila kugusa mtu, cheche inapata pa kupitia badala ya kutoboa kihami cha transfoma ndani ya gundi.

Kwangu, kipande kilichobuniwa vizuri kuliko vyote kwenye tochi hizi hakina umeme ndani yake. Ni kamba ya mkononi yenye pini mwishoni, inayochomekwa kwenye kitako. Adui akikupokonya tochi, kamba inabaki mkononi mwako, pini inachomoka na saketi inakatika. Baadhi ya modeli za bei ya chini zinakuja na kamba iliyofungwa tu kwenye tundu, bila pini.