Kufuli ya Mizani

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na mwaka 1940 diwani ikachapishwa chini ya uhariri wa William Hichens. Nikiisoma, huwa nawastaajabia wale wazee, kisha namstaajabia fundi aliyewarahisishia kazi.

Ufundi wenyewe uko hivi. Kwa kawaida mshororo wa shairi una mizani, yaani silabi, kumi na sita: nane za kipande cha kwanza, ukwapi, na nane za cha pili, utao. Kila kipande hufungwa kwa kina. Tuseme neno la mwisho wa mshororo ni "jahazi", na mghani amelisahau. Akitia "chombo", mizani moja imepungua: sauti inafika mwisho na neno halipo, hata mtoto anayesikiliza atahisi pengo. Akitia "mashua", mizani imetimia lakini kina cha "zi" kimevunjika. Maana inakaribiana, ila mlango umekataa kufunguka. Atarudi nyuma, atalighani shairi upya, mpaka neno lenyewe lijilete.

Ndiyo maana hadithi ya kawaida hubadilika kila inaposimuliwa, na hakuna anayegundua, ilhali shairi humsuta mwenye kulikosea. Mizani inahesabu, kina kinakagua, na mahadhi yanaamua pumzi ivutwe wapi.

Utenzi una hila yake. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, kinachobadilika ubeti hadi ubeti. Cha nne hubeba kina cha bahari, kilekile tangu mwanzo hadi tamati. Kila ubeti ni wimbi jipya, lakini mghani ameshika kamba moja hadi nchi kavu. Kwa kamba hiyo Mwengo wa Athumani wa Pate aliutunga Utendi wa Tambuka, mwaka 1728, wenye beti zaidi ya elfu moja. Na kwa kamba hiyohiyo wanawake wa Lamu na Pate waliuhifadhi kwa moyo utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858.

Hata hivyo, kufuli hii hulinda maneno tu. Muyaka alitunga wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakivutana na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, naye alikuwa upande wa Wamazrui. Alisema kwa mafumbo, na fumbo halifumbuliwi na mizani. Shairi linaweza kufika salama, kila silabi mahali pake, na aliyelipokea asijue nani alikuwa akipigwa kijembe. Kwa hiyo Mwalimu Sikujua hakuishia kwenye beti. Pamoja na Taylor aliacha pia maelezo ya kisa na maneno magumu. Bila yeye tungerithi sanduku zuri lililofungwa, tukalisifia nakshi bila kujua kilichomo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa watu wa pwani, wimbo ulikuwa daftari, na lilitunzwa kwa kughaniwa.

Basi ukimjua bibi au babu mwenye utenzi kichwani, mwendee wiki hii. Mwombe aughani wote, kwa sauti yake mwenyewe, na usimkatize. Akishamaliza, muulize: ulitungwa kwa ajili ya nani, na kulitokea nini? Rekodi yote mawili, kwani wimbo utaweza kujilinda wenyewe kwa muda. Kisa chake hakina mlinzi mwingine ila yeye.